Kadi ya mchango na kozi za dizaini: kisa cha binti wa Tandika

Binti huyu ana miaka 20, anaishi Tandika, na amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL. Matokeo yalimpa C ya Kiingereza, D ya Jiografia na D ya Historia. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, C ni pointi 3 na D ni pointi 2, na shahada inataka angalau pointi 4 kutoka kwenye prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili aliyofaulu. Yeye kwa mbili bora anazo 5. Chuo kikuu alikuwa anaingia bila wasiwasi. Kilichowagawa nyumbani ni asomee nini.

Mwenyewe anataka dizaini: nembo, vifungashio, mabango, majalada ya vitabu. Baba yake anauza spea Gerezani na hakuwa na pingamizi, alitaka tu kujua kazi hiyo inalisha au hailishi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyeahidi kuongeza kwenye ada, alikuwa ameshasema Uhasibu, tena kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala. Mama mtu ndiye aliyemleta kwangu, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye dizaini na uchapaji pale Kariakoo. Akaniambia, "Kaka, mwangalie mwanao huyu. Kama kuna kazi humu tuambie, na kama ni kuchezea simu tuambie pia, tusipoteze hela."

Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao. Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali hilihili linaingia kwenye nyumba nyingi za mji huu, na majibu yanayotolewa mara nyingi ni ya haraka mno: nenda kasome kompyuta, au nenda kachukue kozi ya miezi mitatu. Mtoto mwenye kipaji anaweza kupoteza miaka kwa jibu kama hilo.

Walikuja na karatasi za njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kozi fupi ya miezi mitatu kwenye kituo kimoja mjini, na tangazo lake lilijaa majina ya programu: Photoshop, Illustrator, CorelDRAW, InDesign. Ya pili ilikuwa stashahada ya multimedia. Kwenye mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, aliyetoka kidato cha nne huanzia ngazi ya 4 na kufika ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, kwa miaka mitatu. Binti huyu, kwa kuwa ana prinsipo, angeanzia ngazi ya 5 na kumaliza kwa miaka miwili. Ya tatu ilikuwa shahada ya sanaa na dizaini, miaka mitatu. Baba yake aliuliza kama shahada ya kompyuta isingefaa zaidi, lakini nyingi katika hizo zinataka Hisabati ya kidato cha sita, na HGL haina Hisabati. Hilo liliisha palepale.

Kabla ya kufungua karatasi za vyuo nilimwambia aniletee kazi zake zilizochapwa. Za kwenye simu nilikuwa nimeshaziona, na zilikuwa nzuri. Anatumia PixelLab na Canva kwenye simu ya kawaida, na mtaani kwao anajulikana: kadi za mchango, matangazo ya vikoba, mabango ya mahafali. Akaniletea kadi ya mchango wa harusi ya binamu yake, nakala 200, saizi ya A5.

Kwenye skrini ile kadi ilikuwa ya kupendeza. Mandhari ni damu ya mzee, majina ya maharusi yameandikwa kwa herufi nyeupe nyembamba za kuunganika, na pembeni kuna maua ya dhahabu yanayong'aa. Kwenye karatasi mambo matatu yalikuwa yameharibika. Dhahabu imegeuka rangi ya haradali. Herufi za majina zimezibwazibwa, "a" imefumba tumbo lake na "h" imepoteza mguu. Na chini kabisa, kwenye namba ya simu ya mweka hazina wa kamati, tarakimu ya mwisho imekatwa nusu. Ilikuwa 3 au 8, huwezi kujua. Kadi ya mchango ambayo mtu hawezi kusoma namba ya kupelekea mchango!

Binti alikuwa amemlaumu fundi wa mashine. Nikamwambia fundi hakuwa na kosa, tukakaa tukaipitia kadi pole kwa pole. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyotuonyesha ni kozi zipi anazihitaji, kuliko tangazo lolote la chuo.

Tuanze na dhahabu. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya uchapaji inatumia wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi, na mng'ao wa dhahabu haupatikani kwa wino hizo nne hata ufanyeje. Unaupata kwa wino maalumu wenye chembe za metali au kwa foili inayobandikwa kwa joto, na vyote viwili vina gharama yake. Anayejua hilo anamwambia mteja mapema: dhahabu ya kweli itakugharimu kadhaa, ama tutafute rangi nyingine itakayokaa vizuri kwenye karatasi.

Herufi zilizozibwa zina habari ndefu zaidi. Damu ya mzee inapatikana kwa kupandishiana wino wa rangi zaidi ya moja, na kila rangi ina pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia. Karatasi ikihama kidogo tu kati ya pleti moja na nyingine, nusu ya milimita haifiki, kingo za rangi zinapishana. Herufi nene inavumilia. Herufi nyembamba nyeupe iliyoachwa wazi ndani ya rangi hizo inamezwa. Kwa hiyo kosa halikuwa la rangi peke yake, lilikuwa kwenye uchaguzi wa herufi. Nilimuuliza kwa nini alichagua zile. "Niliona zimependeza, anko." Jibu la kweli, na ndilo linalomtenganisha mtu mwenye kipaji na mtu aliyefundishwa. Aliyefundishwa angeanza na maswali: itasomwa na nani, kwa umbali gani, kwenye karatasi gani, na mashine gani?

Namba iliyokatwa ilikuwa rahisi kuieleza. Kazi inayofika ukingoni huongezwa milimita 3 za rangi kila upande, mafundi wanaziita blidi, halafu maandishi yote yanakaa ndani, mbali na mstari wa kisu, kwa sababu gilotini inakata rundo zima kwa mkupuo na karatasi ya chini haikai sawasawa na ya juu. Yeye aliijaza A5 yake, milimita 148 kwa 210, mpaka mwisho.

Sasa ukiitazama kadi hiyo kama mtihani, hakuna hata swali moja lililofelishwa na kutojua programu. Vifungo vya kubonyeza binti anavijua. Kilichokosekana ni elimu ya rangi, elimu ya herufi na elimu ya uchapaji, na juu ya hayo mtu wa kumuuliza "kwa nini?" kabla kazi haijaenda mashineni. Kuanzia hapo nikawa na kipimo kimoja kwa vyuo vyote vitatu: ada ilipwe kwa yale ambayo huwezi kuyapata bila mwalimu.

Kozi fupi ya programu nne kwa miezi mitatu ikaanguka kwa kipimo hicho. Sisemi programu hazina maana. Dizaini bila programu leo haiwezekani, na mwajiri atakuuliza. Ila masomo ya programu yamejaa intaneti bure, yapo hata ya Kiswahili, na mtu anayejituma anajifunza jioni nyumbani. Pia programu zinapita. PageMaker ilitoka 1985 ikabadilisha kabisa upangaji wa kurasa, leo haipo. FreeHand ilikuwa na watu wake walioapa kwa jina lake, ikaachwa kuendelezwa mwaka 2007. Flash ilikuwa kozi kamili vyuoni, watu wakasomea na kupewa vyeti, na mwisho wa 2020 ikazimwa. Aliyesomea Flash kama Flash alibaki na cheti. Aliyesomea mwendo wa picha na mpangilio kwa kuitumia Flash alihama na ujuzi wake.

Hapo baba mdogo akaingia na hoja ambayo siwezi kuipuuza. "Mashine sasa zinachora zenyewe. Unaiandikia sentensi inakuletea picha. Huyu mtoto atamaliza chuo akute kazi imekwisha." Kweli, tangu 2022 programu za kuzalisha picha zimeenea sana, na kazi za bei ya chini kabisa, zile za "nitengenezee kitu chochote kizuri", zinaondoka. Lakini picha ishirini zilizoletwa na mashine zinahitaji mtu wa kuchagua moja na kueleza kwa nini hiyo na si nyingine, kuirekebisha, kuiwekea maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa sahihi na kuiandaa kwa uchapaji. Anayetegemea vifungo peke yake ndiye wa kuogopa. Ndiyo maana nilizidi kusisitiza kozi za kujenga jicho. Baba mdogo hakukubali siku ile, ila aliacha kutaja Uhasibu.

Lilibaki swali kama binti ana hilo jicho la kujengwa. Somo la sanaa lipo kwenye mitihani ya Baraza, lakini shule zinazolifundisha ni chache, na yeye hakuwahi kufundishwa kuchora. Nikampa zoezi: achukue khanga ya mama yake, achore pindo lake kwa penseli, kona moja na kipande cha kila upande, bila simu wala kompyuta. Khanga ni darasa zuri kuliko watu wanavyodhani. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina, na kila kimoja kina nafasi yake isiyovurugwa. Ugumu uko konani, kwa sababu ua linalojirudia kwenye upande mrefu lazima ligeuke liende upande mfupi bila kukatika, na mara nyingi halitoshi kamili.

Akarudi na karatasi iliyofutwafutwa mpaka imekwaruzika. Mistari haikuwa imenyooka. Lakini kwenye kona alikuwa amegundua kwamba ua halitoshi, akapima upya, akapunguza nafasi kidogokidogo kati ya ua na ua upande mzima mpaka likaingia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nikampigia mama yake nikamwambia: dada, mtoto huyu apelekwe shule.

Stashahada au shahada? Hapa nilichukua muda, maana stashahada si njia ya mtu aliyeshindwa. Ina mazoezi mengi ya mikono, inakwisha mapema, na kwa familia isiyo na uwezo ni salama. Tatizo la ile waliyoniletea lilikuwa kwenye orodha yenyewe ya kozi: video, uhariri wa sauti, uhuishaji, wavuti, mitandao ya kompyuta, na kozi moja tu ya dizaini ya kurasa. Angejua kila kitu kidogokidogo. Kwa mtu anayetaka vitabu na vifungashio haikumfaa, ingawa kwa anayetaka televisheni ingekuwa chaguo la kwanza. Suala la fedha nalo lilivuta upande wa shahada. Mikopo ya Bodi kwa miaka mingi ilikuwa ya shahada, na stashahada zilipoanza kuingizwa mwaka wa masomo 2023/2024 zilikuwa za fani chache za kipaumbele. Nilimwonya pia kwamba sanaa haimo katika fani zinazotangulizwa, hivyo aombe mkopo bila kuuwekea roho yote.

Shahada nayo haikuchukuliwa hivihivi. Miaka mitatu ni krediti 360, na krediti moja ni kama saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za maisha ya mtu. Tukaweka prospektasi mezani, tukapiga mstari chini ya kozi za lazima, na kila ya hiari tukaijadili kwa saa zake.

Kuchora kulikuwa kwa lazima mwaka wa kwanza, vizuri sana. Wanafunzi wengi huona ni kupoteza muda kwa kuwa "nembo nachora kwa kompyuta". Penseli inakufundisha kuona uwiano na nafasi tupu, na inakuwezesha kumchorea mteja mawazo matatu mbele yake kabla hajaondoka kitini. Kanuni za rangi na mpangilio, lazima pia. Historia ya sanaa, lazima. Nikamsihi asiichukulie kama Historia ya kukariri miaka. Akijua kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kawaida za dukani juu ya vipande vya hadibodi, atajua mtindo unaweza kuzaliwa na vifaa vilivyopo. Akijua shule ya sanaa na dizaini ya Bauhaus iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, ataelewa kozi zake mwenyewe zimepangwa vile kwa nini.

Kozi ya herufi ilikuwa ya hiari, jambo lililonisikitisha. Nilimwambia hiyo asiiache hata ratiba igongane na nini. Sisi tunaopanga Kiswahili tuna shida zetu ambazo templeti za kigeni hazikuzifikiria. Maneno yetu ni marefu. Kisanduku kilichochorwa kwa neno fupi la Kiingereza kinatakiwa kibebe "Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi", na mtu asiye na elimu ya herufi ataibana sentensi mpaka herufi zigusane, au ataipunguza mpaka isomwe kwa miwani. Halafu kuna ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo unakata mcha-paji. Programu iliyoachwa kwenye kanuni za Kiingereza itakukatia mchap-aji, na ukurasa mzima wa gazeti unaonekana umepangwa na mtu asiyeijua lugha. Nimeshika vitabu vya watoto vyenye makosa hayo. Mtoto anayejifunza kusoma ndiye anayeumia.

Uchapaji ulikuwa kozi moja ndani ya miaka mitatu. Haitoshi, na hilo tulilitafutia dawa nje ya chuo.

Kozi za hiari zilizobaki tulizimaliza upesi. Fotografia, ndiyo, kwa sababu nusu ya kazi ni kuchagua na kukata picha. Misingi ya wavuti, HTML na CSS, ndiyo; hata asipoandika msimbo ajue kinachowezekana. Masoko, ndiyo. Uhasibu mdogo wa biashara, ndiyo, na hiyo niliipendekeza kwa moyo mweupe wala si kwa kumridhisha baba mdogo, maana wabunifu wengi wa mji huu wanakufa njaa kwa kutojua kupanga bei. Kozi ya sheria ya hakimiliki haikuwepo. Nikamwambia asome mwenyewe Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ajue kuwa nembo ikifanana na iliyokwisha kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mteja wake atakataliwa na lawama zitamrudia yeye. Kwa kuzoea kukosolewa hadharani nikamtuma Nafasi Art Space, Mikocheni, kwenye maonyesho na mijadala ya wasanii.

Kabla hajajaza fomu nilimtaka aende chuoni kwa miguu yake aulize mambo mawili: naomba kuona kazi za wanafunzi wa mwaka wa tatu, na je, kazi zinasahihishwa kwa alama tu au mwanafunzi anasimama mbele ya darasa kuitetea? Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, hawakuwa na kazi hata moja ya kumwonyesha. Walimpa kipeperushi, na kipeperushi chenyewe kilikuwa na picha zilizovutwa mpaka sura za watu zimenenepa. Kingine walimpeleka kwenye ukuta mzima wa kazi, mhadhiri akamweleza moja moja ipi imefaulu na ipi haikufaulu. Huko ndiko alikoomba, stashahada akaiweka pembeni kama akiba.

Kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo kuna miezi kadhaa, ambayo vijana wengi huimalizia kwenye kozi za kompyuta. Sisi tulimtafutia nafasi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo, alipwe nauli na chakula. Alipanga karatasi, akafunga vitabu, akasimama karibu na fundi wa mashine kwa ruhusa yake. Siku moja akanitumia picha ya kazi ya mteja iliyoletwa na maandishi madogo meusi yaliyoundwa kwa rangi zote nne, yana vivuli vya samawati na majenta pembeni, na chini ameandika: "Anko, hii ilitakiwa iwe nyeusi peke yake, siyo?" Ndivyo ilivyotakiwa. Hilo hakulipata darasani kwa mtu yeyote, wala mimi sikuwahi kumwambia.

Alipata nafasi ya chuo. Mkopo ulikuja pungufu, na pengo linazibwa na baba mdogo kama alivyoahidi. Kompyuta ameanza na ya mitumba yenye RAM ya GB 4, Photoshop inakwama, kwa hiyo kazi za nyumbani anazifanya kwa Inkscape na Scribus ambazo ni za bure, na za chuo anazifanya maabara. Kozi ya herufi iligongana na wavuti kwenye ratiba. Akachukua herufi, wavuti ikaahirishwa.

Sasa yuko mwaka wa pili na tunabishana kuhusu mafunzo kwa vitendo. Yeye anataka wakala wa matangazo wa Masaki, na hoja yake ina nguvu: huko ndiko kwenye wateja wakubwa na watu wa kukutambulisha. Mimi nataka aende kwanza kwa mchapishaji wa vitabu, kwa sababu wiki nane za kupanga kurasa 200 chini ya mhariri mkali zitamkomaza kwenye herufi kuliko kutengeneza matangazo ya mitandaoni yanayoidhinishwa na watu watano, kisha Masaki aombe mwaka wa tatu akiwa na kitu cha kuonyesha. Amesema atapeleka barua sehemu zote mbili na aende kwa atakayemjibu kwanza. Nimemwambia sawa, ila ya mchapishaji aipeleke Jumatatu.